Kathedrali ya Lincoln: maswali ambayo watu wanarudia kuuliza kila siku

Nimeyakusanya haya maana nimechoka kujibu kitu kilekile mara ishirini. Mengine nimeulizwa na wanafunzi wa usanifu, mengine na ndugu waliofika Uingereza wakapiga picha kisha ndio wakaanza kujiuliza walipiga picha ya nini. Jibu likiwa limeshatolewa sehemu nyingine nitakuelekeza huko, sirudii.

## Ya mwanzo kabisa

Iko wapi hii kathedrali?

Lincoln, mji wa mashariki mwa Uingereza, mkoa wa Lincolnshire. Mji wenyewe uko pande mbili, kuna bondeni na kuna mlimani, na kanisa liko juu mlimani linatazamana na ngome ambayo mfalme William Mshindi aliianzisha 1068. Kupanda kutoka bondeni unapitia mtaa ambao jina lake maana yake ni Mlima Mkali na hawajadanganya, magoti yatakwambia. Ila ndio maana linaonekana kutoka mbali sana, Lincolnshire sehemu kubwa ni tambarare kama meza.

Kathedrali na kanisa la kawaida vina tofauti gani? Si ukubwa tu?

Hapana, ukubwa hauhusiani. Kathedrali ni kanisa lenye kiti cha askofu, basi. Kuna kathedrali ndogo na kuna makanisa makubwa mno ambayo sio kathedrali. Ya Lincoln ilikuwa kubwa kwa sababu dayosisi yake yenyewe ilikuwa kubwa kuliko zote Uingereza, ilianzia mto Humber huko kaskazini ikashuka mpaka mto Thames. Askofu mwenye eneo kama hilo hajengi kibanda.

Ni ya Wakatoliki au Waanglikana?

Leo ni ya Anglikana. Ilijengwa na Wakatoliki maana wakati huo Ulaya Magharibi hakukuwa na dhehebu lingine la kuchagua, halafu karne ya 16 mfalme Henry VIII akagombana na Papa, kanisa la Uingereza likajitenga na majengo yakaenda nalo. Hapo Lincoln ilipata hasara, mwaka 1540 watu wa mfalme walikuja kubeba dhahabu, fedha na vito vya kaburi la Mtakatifu Hugh (yeye yuko kwenye swali lake huko chini).

Ilijengwa mwaka gani? Kila nikisoma naona mwaka tofauti.

Na yote ni sahihi, hapo ndipo watu wanachanganyikiwa. Unachokiona leo hakikujengwa mara moja. Kifupi ni hivi: askofu Remigius, Mnormani (mtu wa Normandy, Ufaransa), alihamishia makao yake Lincoln mwaka 1072 akaanza kujenga, kanisa likawa tayari 1092 na yeye akafariki siku chache tu kabla ya kuwekwa wakfu, yaani mtu kajenga miaka ishirini sherehe hakuiona. Baadaye paa likaungua, askofu Alexander akaweka dari la mawe. 1185 likapasuka kwa tetemeko. 1192 wakaanza upya. Mwishoni mwa miaka ya 1230 mnara wa kati ukaanguka. 1256 hadi 1280 wakabomoa wenyewe upande wa mashariki wakaongeza. 1311 mnara mpya ukamalizika. 1548 ncha ndefu iliyokuwa juu yake ikaanguka.

Kwa hiyo ukiona kitu cha ajabu Lincoln, tao limekaa vibaya, ukuta haulingani na mwenzake, swali la kwanza jiulize hapa kilianguka nini. Mara nyingi utapata jibu.

## Kuanguka na kujengwa

Tetemeko la ardhi Uingereza? Serious?

Serious kabisa. Tarehe 15 Aprili 1185. Mwandishi mmoja wa historia wa wakati huo aliandika kwamba kanisa lilipasuka toka juu mpaka chini. Wapo wanaosema jengo lilikuwa na matatizo yake tayari, lile dari la mawe la Alexander lilikuwa zito na kuta hazikuandaliwa kubeba mzigo huo, tetemeko likamalizia tu. Mimi naona hoja hiyo ina mashiko maana ukiweka dari la mawe juu ya ukuta, lile dari halikandamizi chini peke yake, linasukuma kuta nje pia, kama mtu anayepanua miguu kwenye sakafu inayoteleza.

Kilichobaki kwenye kanisa la zamani ni sehemu ya mbele ya magharibi. Ukisimama mlangoni unaona yale matao makubwa mazito ya Remigius katikati, na ukuta wa Kigothiki (mtindo uliofuata, nauelezea huko chini) umeyazunguka pande zote kama fremu ya picha. Hawakuyatoa, wakajengea pembeni.

Huyu Mtakatifu Hugh ni nani? Na bata anahusikaje?

Hugh alikuwa mtawa Mfaransa wa shirika la Wakartusi, akawa askofu wa Lincoln 1186, mwaka mmoja baada ya tetemeko, kwa hiyo alikabidhiwa kanisa bovu. Ndiye aliyeanzisha ujenzi wa 1192 na inasimuliwa alikuwa anabeba mawe na chokaa mwenyewe begani pamoja na vibarua. Fundi mkuu anayetajwa ni Geoffrey de Noiers.

Hugh hakuwa muoga. Alibishana na wafalme watatu, na wakati makundi ya watu yalipowavamia Wayahudi mwaka 1190 yeye aliingia katikati kuwatetea. Alipofariki mwaka 1200 mfalme John wa Uingereza na mfalme wa Scotland walikuwepo kwenye mazishi. Akatangazwa mtakatifu 1220.

Bata ni yule bata maji mweupe mwenye shingo ndefu. Alikuwa anakaa kwenye makazi ya askofu pale Stow, mkali kwa kila mtu isipokuwa Hugh, anachomeka kichwa kwenye mkono wa kanzu yake. Ndio maana kwenye picha na sanamu za Hugh yule ndege hakosi.

Ni kweli mnara ulianguka wakati padri anahubiri?

Ndivyo mtawa Matthew Paris alivyoandika, na ni kisa kitamu kweli. Askofu wakati huo alikuwa Robert Grosseteste, msomi mkubwa aliyeandika mambo ya mwanga na upinde wa mvua, ila hakuelewana na makasisi wake kwa sababu alitaka kuwakagua na wao hawakutaka kukaguliwa. Basi mmoja wao anahubiri, anamlalamikia askofu mbele za watu, akasema hata sisi tukinyamaza mawe yenyewe yatapiga kelele, na palepale mnara ukashuka.

Kama iliendana kwa sekunde namna hiyo shauri lake aliyeandika. Lakini kuanguka kulitokea, na mnara ulioanguka ulikuwa mpya, wa kizazi kilekile. Waswahili tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, hawa walijenga mnara mzima. Safari hii wakanenepesha nguzo, na kwenye kuta za pale katikati wakachonga urembo wa mraba mraba kama kitambaa kilichofumwa, ukiuona huo jua uko kwenye sehemu iliyojengwa baada ya ajali.

Eti liliwahi kuwa jengo refu kuliko yote duniani, likaishinda Piramidi ya Giza?

Ndio, hili linasemwa sana, ila lina maelezo. Kati ya 1307 na 1311, enzi za askofu John Dalderby, mnara wa kati uliongezwa urefu na juu yake wakaweka ncha ya mbao iliyofunikwa kwa risasi (madini, sio ya bunduki). Urefu unaotajwa ni kama mita 160. Piramidi ilipokuwa mpya ilifika kama mita 146. Kwa hesabu hiyo Lincoln iliishika nafasi ya kwanza mpaka 1548, na hakuna jengo lililopita ile mita 160 mpaka nguzo ya Washington kule Marekani ilipokamilika 1884 ikiwa na mita 169.

Maelezo sasa: ncha ilishaanguka, hakuna mtu wa leo aliyeipima, na wataalamu wengine wanaona hiyo 160 imezidishwa. Kwa hiyo ukiambiwa na mtu kwamba ni uhakika asilimia mia, mwambie apunguze kidogo. Mnara uliobaki bila ncha ni mita 83, na huo upo unapimika.

Kwanini hawakuirudisha ile ncha?

Angalia mwaka, 1548. Ni mwaka mmoja tu baada ya Henry VIII kufariki, hazina ya kanisa imeshabebwa, mahujaji hawaji tena na sadaka zao. Ilianguka kwa dhoruba na hela ya kuirudisha haikuwepo. Minara miwili ya magharibi nayo ilikuwa na ncha zake ndogo, hizo zilibaki mpaka 1807. Walishajaribu kuzitoa mwaka 1726, wananchi wakafanya vurugu, wakaziacha kwanza. Yaani watu wa mjini waliingia barabarani kwa sababu ya ncha za kanisa, napenda sana hiyo habari.

## Usanifu wenyewe

Gothiki ni nini kwa lugha ya mtu wa kawaida?

Tao lenye ncha badala ya tao la duara, mbavu za mawe zinazobeba dari, na nguzo za kuegemeza zilizowekwa nje ya ukuta. Hivyo vitatu vikikaa pamoja ukuta unapumzika, unaweza kuukata ukaweka dirisha kubwa. Mtindo wa kabla yake, wa Kinormani, ukuta ndio ulibeba kila kitu kwa hiyo ukawa mnene na madirisha madogo. Lincoln unaiona mitindo yote miwili ukiwa umesimama sehemu moja (rudi swali la tetemeko).

Dari la kichaa ndio lipi?

Liko kwenye kwaya ya Mtakatifu Hugh, sehemu iliyoanza 1192. Kwaya hapa namaanisha eneo la kanisa wanapokaa makasisi na waimbaji, sio kikundi. Kawaida mbavu za dari zinakutana katikati kwa usawa, kushoto na kulia ni picha moja. Pale hazikutani. Moja inatoka huku inagonga mstari wa katikati mapema, mwenzake upande wa pili anagonga mbele zaidi, ukitembea huku unaangalia juu unahisi kama dari linayumba. Jina la kichaa lilikuja karne ya 20 kutoka kwa wataalamu wa historia ya usanifu.

Fundi alikosea? Sidhani. Kosa unalifanya mara moja unarekebisha, huyu alirudia mchoro huohuo kutoka kipande hadi kipande. Na ukutani chini kuna matao madogo yamepangwa safu mbili, ya mbele hayalingani na ya nyuma, yamepishana kama mapigo ya ngoma mbili. Huyu mtu alikuwa anacheza, na alikuwa anajua anachocheza. Zile mbavu za ziada, ambazo hazikuwa za lazima kubeba kitu, baadaye zilikuja kuwa alama ya Ugothiki wa Kiingereza, dari zinajaa mbavu kama matawi ya mnazi. Anza kuangalia ukumbi mkuu wa Lincoln hapohapo (sehemu ndefu ya magharibi wanapokaa waumini), uliojengwa baada ya kwaya, uone walivyolichukua wazo wakalituliza.

Walijengaje bila kreni?

Kreni walikuwa nazo, ila za mbao. Kuna gurudumu kubwa ambalo watu wanaingia ndani wanatembea, linazungusha kamba, jiwe linapanda. Tao wanalijenga juu ya fomu ya mbao, wakishaweka jiwe la katikati na chokaa ikashika wanatoa fomu wanaipeleka kwenye tao linalofuata. Chokaa inachelewa kukauka tofauti na saruji, kwa hiyo haraka haikuwepo, na jengo lilipata muda wa kukaa vizuri.

Zile nguzo nyembamba nyeusi ni rangi?

Ni jiwe. Linaitwa marumaru ya Purbeck, linatoka pwani ya kusini ya Uingereza, kitaalamu ni chokaa yenye makombe ya konokono ndani lakini ukilisugua linang'aa. Jengo lenyewe ni jiwe la chokaa la Lincoln la rangi ya asali, linachimbwa hapohapo karibu. Weusi dhidi ya asali, wakaona inapendeza.

Mbona kanisa limepinda?

Umeona vizuri, wengi hawaoni. Ukumbi mkuu ulijengwa kuanzia mashariki kuja magharibi, na magharibi kulikuwa na ile sura ya zamani ya Remigius iliyoachwa. Walipokaribia mistari haikukutana sawasawa, kwa hiyo vipande viwili vya mwisho vimebanwa na kupindishwa kidogo. Simama katikati mlango wa magharibi, angalia moja kwa moja hadi mashariki, utahisi kuna kitu hakijakaa.

Yale madirisha mawili ya duara yanayotazamana?

La kaskazini ni Jicho la Mkuu wa Kanisa, la mwanzo wa karne ya 13, bado lina vioo vingi vya zamani vinavyoonyesha Siku ya Hukumu. La kusini ni Jicho la Askofu, la kama 1330, mawe yake yamechongwa kama mishipa ya jani, na vioo vyake ni vipande vya vioo vya zamani vilivyovunjika vikachanganywa humo bila mpangilio. Hakuna picha, usijichoshe kutafuta. Mimi nalipenda hilo kuliko la kaskazini, jua likipita pale ni kama kanga zimeanikwa.

Lile jengo la pembe kumi pembeni?

Ukumbi wa mikutano wa makasisi, karne ya 13. Nguzo moja katikati inafunguka juu kama mwavuli, na nje kuna yale matao ya kuegemeza yaliyosimama mbali na ukuta. Mwaka 1301 mfalme Edward I aliitisha bunge Lincoln, na wenyeji wanasema lilikaa humo.

## Watu na visa

Kibwengo wa Lincoln yuko wapi, nimezunguka nusu saa sijamuona!

Yuko kwenye Kwaya ya Malaika, upande wa mashariki, ukuta wa kaskazini, juu pale matao mawili yanapokutana. Ni mdogo, amekaa amekunja mguu mmoja juu ya goti, ana masikio makubwa na meno. Hadithi inasema Shetani alituma vibwengo wawili, wakaingia kanisani wakavunja meza na kusumbua watu, malaika akatokea, mmoja akapanda juu akaanza kumrushia malaika mawe basi akageuzwa jiwe palepale. Wa pili alikimbia.

Kwaya yenyewe ni ya 1256 hadi 1280 na iliitwa hivyo kwa malaika waliochongwa juu. Waliijenga kwa sababu mahujaji wa kaburi la Hugh walizidi nafasi, ikabidi waombe ruhusa ya mfalme wabomoe sehemu ya ukuta wa mji. Malaika wote wale, na ukuta wa mji umevunjwa kwa ajili yao, lakini watu wanakuja kumtafuta kibwengo.

Malkia Eleanor amezikwa Lincoln au Westminster?

Kote kote. Eleanor wa Castile, mke wa Edward I, alifariki Novemba 1290 kijiji cha Harby karibu na Lincoln. Mwili ulitayarishwa Lincoln, matumbo yakazikwa kathedrali, moyo ukazikwa London kwa watawa Wadominiko, na mwili Westminster. Kila msafara ulipolala mfalme akajenga msalaba wa mawe, jumla 12. Kaburi la Lincoln unaloliona ni nakala ya karne ya 19, la asili liliharibiwa karne ya 17, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kuna Hugh mwingine, mtoto. Ni huyohuyo?

Sio huyohuyo kabisa, tafadhali msiwachanganye. Mwaka 1255 mtoto wa kiume aitwaye Hugh alikutwa amekufa kisimani, Wayahudi wa Lincoln wakasingiziwa kuwa wamemuua kwa ibada, na Wayahudi 19 wakanyongwa kwa amri ya mfalme Henry III. Ulikuwa uongo. Lakini kanisa lilimjengea yule mtoto kaburi la kuhijiwa, na kuhijiwa maana yake sadaka. Mwaka 1955 paliwekwa bango linalokiri kwamba hadithi zile zilikuwa za kubuni na ziliua watu wasio na hatia. Kinachouma zaidi ni kwamba ni kanisa lilelile la askofu aliyewatetea 1190.

Magna Carta iko humo?

Hiyo hati ya mfalme John, iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme, nakala yake moja ni mali ya kathedrali ila siku hizi inaonyeshwa kwenye ngome ya jirani. Ni moja ya nakala nne zilizobaki za mwaka 1215. 1939 ilipelekwa maonyesho New York, vita vikaanza, ikabaki Marekani na ikafichwa Fort Knox ilipo dhahabu ya Wamarekani.

## Maswali ya pembeni

Kuna uhusiano wowote na kwetu?

Upo, na ni wa watu. Edward Steere, yule askofu wa Zanzibar aliyeandika vitabu vya kufundishia Kiswahili, kabla ya kuja alikuwa padri wa kijiji cha Little Steeping, Lincolnshire. Alikuja na askofu Tozer ambaye naye alitoka parokia ya mkoa huohuo. Msingi wa kanisa la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, uliwekwa Krismasi ya 1873. Steere alifariki 1882 akazikwa nyuma ya altare.

Ukiwa Mkunazini angalia juu. Dari ni tao moja refu la matumbawe yaliyopondwa na saruji, halina mbavu hata moja. Ni suluhisho tofauti kabisa la tatizo lilelile la kufunika sehemu pana bila boriti. Siwezi kudai kwamba alikuwa anaiwaza Lincoln.

Niliiona kwenye filamu nikaambiwa ni Westminster Abbey?

Mwaka 2005 watu wa Hollywood walipiga filamu humo wakaifanya iigize kuwa Westminster. Ukumbi wa pembe kumi ulitumika sana.

Nani anaitunza?

Kathedrali ina mafundi wake wa kuajiriwa, waashi, maseremala, mafundi vioo, mafundi wa risasi, na ina machimbo yake ya jiwe. Jiwe likilika wanachonga lingine. Miaka ya 1920 minara ya magharibi ilikuwa na nyufa mbaya, wakapiga saruji ya maji ndani ya kuta kuishikilia. Kazi haiishi, ukienda ukakuta skafoldi imefunika sehemu uliyoitaka usikasirike.

Kuna kiingilio?

Kutalii unalipa, kuja kwenye ibada hulipi. Ibada ya jioni inaimbwa na kwaya (safari hii kikundi) na unaruhusiwa kukaa karibu na waimbaji, yaani chini ya dari la kichaa. Fika mapema, na viatu viwe vya kupandia mlima.